Ekari Hamsini: Kiwanda Kimoja Kikubwa au Karakana Mia?

Tuseme halmashauri ya mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, uwe Mbeya, Iringa, Mafinga au Makambako, ina ekari hamsini za eneo la viwanda. Barabara inafika, umeme upo, maji yanatoka kwa zamu. Mezani kwa mkurugenzi kuna barua mbili. Ya kwanza ni ya mwekezaji anayeahidi kiwanda kimoja na ajira mia nne. Anataka ekari zote, lami mpaka getini, na asidaiwe tozo za halmashauri kwa miaka kadhaa. Ya pili ni ya umoja wa mafundi: maseremala, wachomeleaji, wenye mashine za kukoboa, akina mama wanaosindika karanga na unga wa lishe. Wanataka eneo hilohilo likatwe viwanja vidogo, wakae kihalali, waache kuhamishwa kila barabara inapopanuliwa.

Madiwani waamue vipi?

Vijiweni jibu hupatikana kabla kahawa haijapoa. Mmoja atasema bila kiwanda kikubwa vijana wataendesha bodaboda mpaka wazeeke. Mwingine atauliza kiwanda kipi kikubwa kimewahi kudumu huku kwetu, kisha ataanza kuvihesabu vilivyokufa. Wote wawili wana hoja. Mimi naona ukubwa ni jambo la tatu au la nne la kutazamwa. Kabla yake kuna maswali mawili: malighafi ya kiwanda hicho inatoka wapi, na kikishasimama, mkulima au fundi wa hapa atabaki na wanunuzi wangapi wa kuwauzia?

Mkubwa ni nani, mdogo ni nani

Sera ya biashara ndogo na za kati ya mwaka 2003 iliweka ngazi nne. Shughuli yenye mtu 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5 ni ndogo sana. Yenye watu 5 hadi 49 na mtaji wa hadi milioni 200 ni ndogo. Ya watu 50 hadi 99 na mtaji wa hadi milioni 800 ni ya kati, na kuanzia watu 100 ni kubwa. Sensa ya viwanda ya mwaka 2013 ilikuta viwanda karibu 49,000 Tanzania Bara, na zaidi ya asilimia 90 vilikuwa na wafanyakazi wasiofika kumi. Yaani chini wamejaa, juu wako wachache sana, na katikati ni peupe. Pengo hilo la katikati ndilo linalonisumbua kuliko ugomvi wote wa wakubwa na wadogo, na nitalirudia.

Mwenye zawadi yuko Dodoma

Mjadala huu una historia ndefu zaidi Marekani, kwa sababu kule majimbo na miji ina mamlaka makubwa ya kodi. Jimbo la Mississippi lilianza mwaka 1936 kutumia fedha za umma kuvuta viwanda kutoka majimbo mengine, na wengine wakafuata. Mwaka 2017 kampuni ya Amazon ilipotangaza kwamba inatafuta mji wa kujenga makao yake ya pili, ilipokea maombi 238. Mwaka huohuo jimbo la Wisconsin liliahidi nafuu za karibu dola bilioni 3 kwa Foxconn, iliyosema itajenga kiwanda cha skrini na kuajiri watu 13,000. Kiwanda kile hakikuonekana. Mwaka 2021 mkataba uliandikwa upya, ajira zikawa 1,454 na nafuu zikashushwa hadi dola milioni 80. Wakati huo nyumba za watu zilikuwa zimekwisha kubomolewa kupisha mradi. Mchumi Timothy Bartik, aliyechunguza nafuu za namna hii kwa miaka mingi, anakadiria kwamba kati ya makampuni 100 yaliyopewa, ni 2 hadi 25 tu ambayo yasingejenga pale bila kupewa. Waliobaki walikuwa wanakuja tu.

Huku kwetu mambo yamekaa tofauti, na hapo ndipo wengi wanaochambua kwa mifano ya nje hupotea. Meya wa Mbeya hawezi kumsamehe mtu kodi ya mapato hata akitaka. Kodi ya makampuni ya asilimia 30, VAT na ushuru wa forodha viko mikononi mwa serikali kuu, na mpaka sheria mpya ya mwaka 2025 ilipokuja, nafuu zake zilitolewa kupitia sheria ya uwekezaji ya mwaka 2022 au utaratibu wa maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje, EPZ. Chini ya EPZ mwekezaji alipewa miaka 10 bila kodi ya mapato, na miaka 10 hiyohiyo bila tozo za halmashauri. Ukiisoma vizuri, anayetoa zawadi yuko Dodoma, na sehemu ya gharama inalipwa na baraza la madiwani la mji ambao kiwanda kimejengwa.

Halmashauri inabaki na nini mkononi? Ardhi, barabara za ndani, vibali vya ujenzi, leseni, masoko, ushuru, na manunuzi yake yenyewe. Ni vitu vinavyoonekana vidogo, lakini ni vyake.

Tupige hesabu kidogo, maana bila hesabu mjadala huu ni kelele. Tuchukue kiwango cha ushuru wa huduma kilichotumika kwa muda mrefu, asilimia 0.3 ya mauzo. Kiwanda kinachouza bidhaa za shilingi bilioni 20 kwa mwaka kinailipa halmashauri milioni 60. Madarasa ya fedha za UVIKO ya mwaka 2021 yalijengwa kwa milioni 20 kila moja, kwa hiyo hayo ni madarasa matatu. Si haba, lakini si fedha ya kumlazia mtu lami. Sasa geukia ushuru wa mazao, ambao anayelipa ni mnunuzi na ambao tangu 2017 umepunguzwa usizidi asilimia 3. Kiwanda hichohicho kikinunua viazi, mahindi au matunda ya shilingi bilioni 8 ndani ya wilaya, ushuru wa mazao unaweza kufika milioni 240. Jumla inakuwa 300. Lakini kikiagiza malighafi yote kutoka mbali, halmashauri inabaki na milioni zake 60. Viwanda viwili vyenye ukubwa uleule na mauzo yaleyale, kimoja kinaleta mara tano ya kingine, na bado hatujahesabu fedha zilizoingia mfukoni mwa mkulima zikarudi Mwanjelwa kununua bati.

Ndiyo maana swali langu la kwanza ni la malighafi.

Vilivyokufa na vilivyobaki

Anayesema viwanda vikubwa huku vimekufa hasemi uongo. Mbeya ilikuwa na kiwanda cha nguo na kiwanda cha Zana za Kilimo, ZZK, kilichotengeneza majembe. Vyote vilikuwa vya umma, vikabinafsishwa, na uzalishaji ule uliokusudiwa ukaisha. Wazee wa Iyunga bado wanaweza kukuonyesha ni wapi king'ora kilikuwa kinalia.

Sababu zinazotajwa ni zilezile: uongozi mbovu, mashine chakavu, ukosefu wa fedha za kigeni za kununulia vipuri miaka ya 1980, kisha milango ya biashara ikafunguliwa na mitumba na majembe ya bei rahisi yakaingia. Zote ni za kweli, ila kuna moja isiyotajwa sana, nayo ni ya kijiografia. Pamba nyingi ya Tanzania inalimwa Kanda ya Ziwa. Chuma cha majembe kilitoka nje ya nchi kupitia Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Viwanda hivyo viliwekwa Mbeya kwa nia njema ya kugawanya maendeleo mikoani, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ilifanya jambo hilo lionekane linawezekana. Lakini hapakuwa na kitu chochote cha Mbeya ndani ya bidhaa zenyewe zaidi ya nguvu za wafanyakazi. Ruzuku ilipoondoka, hapakubaki sababu ya kiwanda kuwa pale.

Vilivyobaki sasa. Kiwanda cha saruji cha Songwe, nje kidogo ya jiji, kimepita mikono kadhaa: serikali, kampuni ya Ulaya, na tangu 2023 kundi la Amsons la hapahapa nchini. Wamiliki wanabadilika, kiwanda kinabaki, kwa sababu mlima wa mawe ya chokaa haubebeki kupelekwa Tegeta. Viwanda vya chai vya Rungwe na Mufindi viko pale kwa kuwa jani bichi likicheleweshwa baada ya kuchumwa linaharibika, hivyo lazima kiwanda kiwe karibu na shamba. Maziwa ni hivyohivyo, na kampuni ya Asas ya Iringa imejengeka juu ya ng'ombe wa wafugaji wa nyanda hizi. Dabaga, ambayo chupa zake za tomato zinajulikana kwenye mabanda ya chips nchi nzima, imekaa katikati ya wakulima wa nyanya. Bia na soda zina sababu nyingine: sehemu kubwa ya chupa ni maji, na kusafirisha maji kutoka Dar mpaka Tunduma ni kuchoma dizeli bure. Kwa hiyo kampuni ya bia ya TBL ilipofungua kiwanda Mbeya mwaka 2009, haikuwa imekuja kwa kuvutwa na maneno matamu.

Ukilielewa hilo, unaelewa pia nguvu ya mji mezani. Anayehitaji jani bichi la chai la Tukuyu hawezi kukutishia kwamba usipompa msamaha atajenga Kibaha. Atajenga hapa au hatajenga. Mtu wa namna hiyo apewe huduma nzuri na vibali vya haraka, lakini hakuna sababu ya kumpigia magoti. Anayeweza kwenda popote, yule wa kuagiza vipande na kuviunganisha, ndiye atakayetaka zawadi kubwa, na ndiye atakayeondoka zawadi ikiisha.

Somo la Mafinga

Hakuna mahali katika nyanda hizi panapofundisha jambo hili vizuri kuliko Mufindi, na ningependa tukae hapo kidogo.

Shamba la miti la Sao Hill lilianza kwa majaribio mwaka 1939 na likapanuliwa sana miaka ya 1970 na 1980. Ni shamba kubwa kuliko mengine yote ya serikali ya miti ya kupandwa, na eneo lake lote, ukiweka na misitu ya asili, ni takriban hekta 135,000. Upanuzi ule ulikuwa na shabaha moja kubwa, kulisha kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Kiwanda kilikamilika katikati ya miaka ya 1980 kwa mikopo ya nje, Benki ya Dunia ikiwemo, kikiwa na uwezo wa tani 60,000 kwa mwaka. Ilikuwa ndoto ya mnunuzi mmoja mkubwa: msitu mmoja, kiwanda kimoja, reli moja.

Miaka ya 1990 kiwanda kikasimama. Miti haikusimama kukua. Baadaye kilibinafsishwa, na kwa jina la Mufindi Paper Mills kimekuwa kikitengeneza zaidi karatasi ngumu za kufungashia. Lakini katikati hapo mambo yalikwishabadilika. Magogo yalipata wenyewe, na wenyewe walikuwa watu wa dingdong.

Dingdong, kwa msomaji wa mbali, ni mashine ndogo ya kupasulia mbao yenye injini ya dizeli. Hubebwa mpaka msituni, ikafungwa chini ya turubai, na kuendeshwa na kikosi kidogo cha vijana. Haihitaji jengo wala msamaha wa kodi. Kwa mashine hizo Mafinga ikawa mji. Sehemu kubwa ya paa za Dar es Salaam zimekaa juu ya mbao za mashine za namna hii. Na kwa kuwa sasa soko lilikuwa na wanunuzi wengi, watu wa kawaida wakaanza kupanda miti: mwalimu anayesubiri kustaafu, mfanyakazi wa benki wa Dar aliyenunua ekari tano Kilolo, mjane wa Makete mwenye nusu ekari ya misindano nyuma ya nyumba. Hawa wasingepanda kama mnunuzi angekuwa kiwanda kimoja chenye msitu wake wa serikali.

Kisha wakaja wa ngazi ya kati. Viwanda vya veneer, vingi vikiwa vya wawekezaji kutoka China, vilijengwa Mafinga na maeneo ya jirani kuanzia muongo uliopita. Vinamenya gogo na kutoa tabaka nyembamba za kutengenezea mbao za kubandika, na vinanunua hata magogo membamba ambayo dingdong haiyataki. Vikaja pia viwanda vya kutibu nguzo za umeme, hasa baada ya serikali kuelekeza kwamba nguzo za kusambazia umeme vijijini zinunuliwe nchini badala ya kuagizwa nje. Hapo kichocheo kikubwa kilikuwa oda, na oda ina nguvu kuliko hotuba kumi za kuhamasisha uwekezaji.

Je, mambo yote ni mazuri? Hapana. Veneer imewafanya wakulima wengi kukata miti michanga kwa sababu fedha ipo leo na ada ya shule ni ya Januari. Watu wa dingdong wanalalamika kwamba gogo limepanda bei, na mwenye gogo anafurahia kilio hicho kwa sababu kwake kilio chao ni bei. Lakini tazama kilichotokea: wanunuzi wa aina nne, wakubwa kwa wadogo, wa hapa na wa nje, wanagombea gogo moja. Mwenye mti ana pa kwenda akikataliwa. Hiyo ndiyo hali ambayo mji unapaswa kuitafuta, na ukubwa wa kila mmoja wao hauhusiki sana.

Linganisha na chai. Mkulima mdogo wa chai akishachuma, ana saa chache tu, na mara nyingi kiwanda kinachofikika ni kimoja. Kikichelewesha malipo miezi mitatu, hana la kufanya zaidi ya kuacha shamba liote majani au kung'oa chai apande parachichi, na wengi wamefanya hivyo. Ndiyo sababu napenda mpango wa Rungwe, ambako chama cha wakulima wadogo kilipata hisa katika kampuni ya Wakulima Tea. Hisa hazilipi ada, lakini zinampa mkulima kiti ndani ya chumba ambamo bei inapangwa.

Wadogo nao wasipambwe

Kuna mtindo wa kuwasifia wajasiriamali wadogo mpaka mtu anaona haya kusema ukweli wao. Dingdong inapoteza zaidi ya nusu ya gogo kwa maranda, mabanzi na vumbi, kwa sababu msumeno wake ni mnene na unayumba. Mbao zinauzwa mbichi, zikifika Dar zinapinda. Kijana anayeendesha msumeno hana glovu, hana mkataba, hana NSSF, na akikatika vidole anachangiwa nauli ya kwenda hospitali ya Mafinga. Karakana nyingi za Mbeya hazitofautiani sana na hapo. Kiwanda kikubwa, pamoja na lawama zake zote, kwa kawaida kina mkaguzi anayekijua kilipo.

Tena wadogo wengi hawakui. Mwaka 1979 mtafiti David Birch wa Marekani alitangaza kwamba ajira nyingi mpya hutoka kwa biashara ndogo, na wanasiasa wa kila nchi wakaushika msemo huo. Baadaye John Haltiwanger na wenzake walipotenganisha umri na ukubwa, waliona kwamba zinazoleta ajira ni biashara changa. Ndogo iliyozeeka ikiwa ndogo haiajiri mtu mpya. Na katika zile changa, nyingi hufa mapema na chache hukua kwa kasi.

Mji wa Littleton, jimbo la Colorado, ulijenga mpango mzima juu ya wazo la karibu na hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya mwajiri mkubwa wa eneo, Martin Marietta, kupunguza maelfu ya wafanyakazi, uliacha kuwinda viwanda kutoka nje na badala yake ukawasaidia wenye biashara za pale zinazokua: taarifa za soko, ramani za wateja, utafiti wa washindani. Ajira za mji huo ziliongezeka takriban mara mbili katika miaka 20 iliyofuata, ingawa Littleton ni kitongoji cha Denver, mji uliokuwa unakua wenyewe, kwa hiyo sifa zote zisiende kwa mpango.

Kwetu, nani huyo anayeweza kukua, na nini kinamzuia? Mchukue fundi wa Mbeya anayetengeneza mashine za kukoboa mpunga na kuwauzia watu wa Mbarali na Kyela. Anajua kazi. Ana vijana sita. Akiongeza mauzo yakapita shilingi milioni 100 kwa mwaka, anatoka kwenye kodi ya makadirio na kuingia kwenye hesabu rasmi za mhasibu. Akipita milioni 200, anaingia VAT, wakati mshindani wake wa mtaa wa pili hajaingia. Eneo alilopo ni la kupanga, hivyo hana hati ya kuweka benki. Kwa akili zake timamu anafanya wanavyofanya wengine wote: faida ya mwaka huu ananunua bodaboda mbili, ya mwaka ujao anajenga guest Uyole. Karakana inabaki vilevile. Watu humwita mtu huyo mwoga wa kukua. Mimi naona amesoma mazingira vizuri kuliko waliotunga sera.

SIDO, shirika la umma la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa kwa sheria mwaka 1973, imelea wengi wa namna hii, na kituo chake cha Mbeya kina karakana ya teknolojia. Barua yake ya utambulisho inamsaidia mjasiriamali mdogo kupata nembo ya ubora ya TBS, shirika la viwango, bila gharama kwa miaka ya mwanzo. Kwa mkubwa kuna dirisha la uwekezaji la taifa. Lakini fundi wetu mwenye vijana sita anayetaka kufika sitini anaanguka katikati ya madawati mawili. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri nayo ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawo wa 4, 4 na 2. Ni jambo jema, ila haikukusudiwa kununua mashine ya lathe.

Si lazima njia iwe mkubwa wa nje au karakana ya turubai. Sialkot, mji wa Pakistan ulio mbali na bahari kuliko Mbeya, unauza nje mipira ya soka na vifaa vya upasuaji vinavyotengenezwa na viwanda vingi vidogo na vya kati. Wenyewe wafanyabiashara walichanga wakajenga bandari kavu miaka ya 1980, kisha uwanja wa ndege uliofunguliwa mwaka 2007. Ninapofikiria uwanja wa Songwe na maparachichi ya Rungwe na Njombe, mfano huo huwa unanijia. Hapo pia kuna upande mchungu: Sialkot iliwahi kuandamwa dunia nzima kwa watoto waliokuwa wakishona mipira majumbani. Udogo uliificha aibu hiyo vizuri.

Tukirudi kwenye ekari hamsini

Ningekuwa diwani, ningemwita mwekezaji wa barua ya kwanza na kumuuliza mambo ambayo hayamo kwenye barua. Malighafi utanunua wapi, na kwa nani? Utafunga kituo cha ukusanyaji vijijini au utamsubiri dalali na lumbesa yake? Utamlipa mkulima baada ya siku ngapi? Vipuri, makasha, chakula cha wafanyakazi na usafiri utachukua kwa nani? Kama majibu ni ya hapa, apewe ekari ishirini, na barabara ijengwe kwa ajili ya eneo lote, isiishie getini kwake. Ahadi ya ajira mia nne iandikwe kwa awamu na tarehe, na kiwanja kilichobaki pori baada ya muda wa masharti kirudi. Tuna maeneo ya viwanda yenye uzio mzuri na mbuzi ndani.

Kama majibu yote ni Dar na Guangzhou, na anataka msamaha juu, ningemtakia safari njema.

Ekari thelathini zilizobaki zisikatwe zote viwanja vya hatua kumi kwa kumi. Karakana mia zilizobanana bila njia ya gari la zimamoto tumeshaona mwisho wake: Mwanjelwa iliungua mwaka 2006, na soko la Sido likaungua mwaka 2017. Wala zisijengwe kwa fahari ya jengo moja la mkopo mkubwa ambalo kodi ya vizimba vyake inawashinda walewale waliounguliwa. Nusu ya eneo iwe viwanja vya kati, vya robo hadi nusu ekari, vyenye hati, kwa watu wa aina ya fundi wetu wa mashine za mpunga, wanaopimwa kwa oda walizonazo na wala si kwa kikundi walichounda. Sehemu nyingine iwe vibanda vya kupanga kwa wanaoanza, kwa mkataba wenye ukomo, ili anayekua ahame na anayekuja apate.

Na katikati pawekwe vitu ambavyo mmoja peke yake hawezi kununua. Kwa mji wa mbao, kitu cha kwanza ni tanuri la kukaushia. Mbao iliyokaushwa haipindi, na inaweza kuingia kwenye fenicha badala ya kuishia kwenye kenchi. Mafinga tayari kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao, kwa hiyo wa kuliendesha wanaweza kupatikana. Kwa Mbeya ningeweka mashine kubwa ya kukunjia bati na lathe moja nzuri, watu walipie kwa saa, chuo kikuu cha MUST na chuo cha ufundi cha VETA walete wanafunzi wa mazoezi.

Fedha ya kuanzia? Halmashauri inanunua madawati, milango, meza za zahanati na vitanda vya mabweni kila mwaka, na sheria ya manunuzi imetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu. Madawati hayo mengi hununuliwa kwa mkandarasi wa mbali ambaye naye anakuja kununua mbao Mafinga. Mkurugenzi anaweza kutangaza leo kwamba mwaka ujao wa fedha dawati litapokewa tu likiwa la mbao iliyokaushwa, lenye muhuri wa kiwango, na kwamba oda itagawanywa katika mafungu ya madawati mia mbili mia mbili ili karakana ya watu kumi iweze kuomba. Seremala atakwenda mwenyewe kulipia tanuri, na mwenye dingdong ataanza kuuliza ni msumeno gani unaokata wembamba.